Humphry Davy na Taa ya Usalama

Ukisimama ufukoni Ujiji au Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, utaona taa nyingi ziking'aa katika Ziwa Tanganyika. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa na mwanga, na kwa miaka mingi wavuvi waliwasha karabai ili wawapate. Ziwani upepo huvuma na hewa ni nyingi. Je, ingekuwaje kama taa yenye moto ingewashwa chini ya ardhi, mahali palipojaa gesi inayolipuka? Sasa utasoma habari za mtu aliyelitafutia jibu swali hilo.

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba, 1778 katika mji wa Penzance, Uingereza. Baba yake, fundi wa kuchonga mbao, alifariki mwaka 1794. Mwaka uliofuata kijana huyo akawa mwanagenzi wa tabibu. Huko alijifunza kuchanganya dawa, akapenda kufanya majaribio ya sayansi. Mwaka 1801 aliitwa London kufundisha sayansi, na mwaka 1807 alitumia umeme akagundua potasiamu na sodiamu.

Wakati huo Waingereza wengi walichimba makaa ya mawe. Migodini mlikuwa na gesi ya methani, ambayo haionekani wala hainuki. Wachimbaji walimulika kwa mishumaa, na gesi ilipokutana na mwali, ililipuka. Tarehe 25 Mei, 1812 mgodi wa Felling ulilipuka, ukaua wanaume na wavulana 92. Baadhi ya wavulana hao walikuwa na umri kama wako.

Mwaka 1815 Davy aliombwa msaada. Alikwenda migodini, kisha akaichunguza gesi hiyo London akisaidiwa na Michael Faraday. Aligundua kwamba mwali haupenyi katika wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Waya huchukua joto la mwali na kulisambaza upesi, hata gesi iliyo nje isipate joto la kutosha kuwaka. Basi Davy aliuzungushia mwali wa taa wavu wa namna hiyo. Januari, 1816 taa yake ilijaribiwa mgodini, ikafaa.

Taa hiyo pia ilionya. Methani ilipozidi, mwali ulirefuka na kugeuka rangi ya buluu. Hewa ya kupumua ilipopungua, mwali ulififia. Mchimbaji aliyeona dalili hizo aliondoka mara moja. Davy hakutaka malipo kwa uvumbuzi huo. Alifariki Geneva tarehe 29 Mei, 1829.

Lakini taa iliyotoboka wavu au kushika kutu haikuwa kinga tena. Aliyeitegemea bila kuikagua alijiweka katika hatari kubwa.

Nyumbani kwako pia moto waweza kuanza: kibatari kikianguka, jiko la mkaa likiachwa karibu na nguo, au nyaya za umeme zikichakaa. Mtu aliyelala huenda asiamshwe na harufu ya moshi, na moshi una hewa ya sumu inayoweza kumwua kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo siku hizi kuna kengele ya moshi. Hufungwa darini, kwa kuwa moshi hupanda juu. Moshi ukiingia ndani yake, kengele hulia kwa nguvu na kuwaamsha waliolala.

Kengele hii ni kama taa ya Davy: betri ikiisha, ni pambo tu. Kama mnayo nyumbani, mkumbushe mzazi abonyeze kitufe chake cha kujaribia kila mwezi. Kama hamna, hakikisheni kibatari kimezimwa kabla ya kulala, na jiko la mkaa lisilale chumbani. Moto ukitokea, tokeni nje kwanza, kisha pigeni simu namba 114 kuita Zimamoto.

Jaribio
Mwombe mwalimu ashushe chujio la chai la waya polepole juu ya mwali wa mshumaa. Tazama mwali unaishia wapi.

Maswali
1. Kwa nini mwali haukupenya wavu wa taa ya Davy?
2. Kwa nini kengele ya moshi hufungwa darini?
3. Taa ya Davy na kengele ya moshi zinafanana kwa mambo gani?