Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Mhariri wa gazeti letu amewaomba wanafunzi wa kidato cha nne waandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki. Wenzangu wengi wamechagua watawala na wavumbuzi. Mimi nimemchagua mkimbiaji, na sababu yake sitaificha, kwa kuwa shule nzima inaijua. Mwaka jana katika mashindano ya wilaya nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kukimbia mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja. Nilipofika mzunguko wa 18 nilitoka nje ya mstari, nikaketi chini ya mwembe. Sikuanguka, wala sikuteguka mguu. Nilichoka tu, nikaona wenzangu wamekwisha kunipita, nikakata tamaa. Tangu siku hiyo bwaloni naitwa Kituo, kama kituo cha basi, kwa sababu nilisimama.

Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Alinipa kazi ya kusoma habari za Abebe Bikila, akaniagiza nisome mpaka mwisho nisiishie Roma, maana watu wengi huishia hapo. Sikumwelewa wakati ule.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, katika nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Siku ile ile, mbali sana katika mji wa Los Angeles, zilikimbiwa mbio za marathoni za Olimpiki. Hii ni bahati tu na haina maana yo yote, lakini ilinifurahisha nikainakili. Tena yafaa nieleze habari ya jina. Wahabeshi hawana jina la ukoo kama Wazungu. Jina la kwanza ni la mtu mwenyewe, na la pili ni la baba yake. Kwa hiyo tukisema Bikila tunamtaja baba, nami nitamwita Abebe.

Utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengi wa vijijini: alichunga mifugo, akacheza gena, ambao ni mchezo wa Wahabeshi wa kupiga mpira kwa magongo. Alipokuwa kijana alikwenda Addis Ababa, akaandikwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hakuwa mtoto wa ajabu aliyetabiriwa makuu. Katika mwaka 1956, alipokuwa na umri wa miaka 24, alikimbia katika mashindano ya majeshi ya nchi yake akashindwa na askari mwenzake aitwaye Wami Biratu. Basi mtu huyu tunayemsifu alianza kwa kuona mgongo wa mwingine mbele yake.

Mwalimu wake alikuwa Mswidi, Bwana Onni Niskanen, ambaye alifika Ethiopia katika mwaka 1946. Mji wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hata mgeni akipanda ngazi hutweta. Huko ndiko Abebe alikokimbia siku kwa siku, mara barabarani kwa masafa marefu, mara vilimani, mara uwanjani akirudia mizunguko ile ile kwa kasi huku mwalimu ameshika saa. Nimesoma habari za mazoezi haya mara nyingi kuliko habari za ushindi wake. Hayana utamu. Ni kazi ya kuchosha, na siku inayofuata huanza upya. Mimi kabla ya mashindano yale ya wilaya nilifanya mazoezi kila nilipojisikia kufanya, na siku nilizojisikia vibaya nilibaki bwenini. Kumbe nilikuwa nikijifunza kuacha.

Sasa nije Roma, mwaka 1960. Mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na mita 195, zilikimbiwa jioni ya tarehe 10 Septemba ili kukwepa joto la mchana. Wami Biratu hakukimbia. Ethiopia iliwakilishwa na Abebe wawili, Abebe Bikila na Abebe Wakgira, nao wote wawili walikimbia peku.

Katika habari hii ya miguu mitupu pana makosa ambayo hata sisi wanafunzi huyarudia. Twasema alikimbia peku kwa sababu ya umaskini, kana kwamba hapakuwa na mtu wa kumpa viatu. Viatu vilikuwako, lakini vile alivyovipata havikumkaa vizuri, vikamwumiza. Naye alikuwa amekwisha kuzoea kukimbia bila viatu katika mazoezi, kwa hiyo aliviacha. Nyayo zake zilikuwa zimefundishwa. Nasema hivi kwa kuwa mwenzetu mmoja wa kidato cha pili, baada ya kusikia hadithi hii, alijaribu kukimbia peku katika barabara ya changarawe, akalala zahanati ya shule siku mbili.

Kabla ya mbio Abebe alikuwa ameambiwa amwangalie sana Mmoroko mmoja mwenye nguvu, Rhadi Ben Abdesselam, aliyetazamiwa kuvaa namba 26. Abebe akaitafuta namba 26 kati ya wakimbiaji waliokuwa mbele asiione. Alikimbia kwa muda mrefu bega kwa bega na mtu mwenye namba 185, asijue kwamba ndiye huyo huyo Rhadi. Giza likaingia. Askari wenye mienge walisimama kando ya barabara ya kale ya Via Appia, na wale Waafrika wawili wakapita katikati ya mianga ile peke yao.

Karibu na mwisho wa njia ilisimama nguzo kubwa ya jiwe ya Aksum, ambayo majeshi ya Italia yaliichukua kutoka Ethiopia katika mwaka 1937 yalipokuwa yameitawala nchi hiyo. (Nguzo hiyo ilirudishwa kwao katika mwaka 2005.) Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo. Alimwacha Rhadi kwa sekunde 25, akafika kwenye tao la Mfalme Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na kabla ya siku hiyo hapana mtu aliyewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi kuliko huo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa ajili ya nchi ya Kiafrika. Mwenzake Wakgira alikuwa wa 7.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimeandika kama wengine. Lakini mambo yaliyofuata hayakuwa mteremko. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakuu wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme, wakashindwa, na Abebe naye akakamatwa, kisha akaachiliwa. Katika mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akaongoza sehemu kubwa ya safari pamoja na mwenzake Mamo Wolde, halafu wote wawili wakalegea, na Abebe akamaliza wa 5. Naona ni vizuri tukumbuke Boston. Picha zake za Roma zimebandikwa mahali pengi, lakini ya Boston sijaiona hata moja.

Mwaka uliofuata Olimpiki ilikuwa Tokyo, Japani. Zikiwa zimebaki wiki tano tu hivi, Abebe alishikwa na maumivu ya tumbo, akapasuliwa kidole-tumbo. Mtu aliyepasuliwa hulala, na misuli hulegea haraka. Yeye alianza kutembea mapema, kisha akakimbia polepole, akafika Tokyo watu wakidhani amekuja kutazama tu. Tarehe 21 Oktoba, 1964, safari hii akiwa amevaa viatu, alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawaacha wa pili na wa tatu kwa zaidi ya dakika 4. Alipokwisha kuvuka mstari alilala kwenye nyasi akanyosha viungo, kama mtu ambaye bado ana mazoezi ya kumalizia. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Baadaye ikaja Meksiko, mwaka 1968. Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie, kwa maana hapa ndipo Mwalimu alipotaka nifike.

Abebe alikwenda Meksiko akiwa na mguu wenye kuumwa. Alianza mbio tarehe 20 Oktoba, na alipofika kama kilomita 17 akatoka. Mshindi alikuwa Mamo Wolde, rafiki yake. Katika mbio zile zile alikuwamo Mtanzania, John Stephen Akhwari, ambaye alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea akichechemea mpaka uwanjani, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo. Jina la Akhwari nilitajiwa kila siku baada ya aibu yangu. Wenzangu walinitajia mezani, na barua ya baba yangu ilimtaja mara mbili. Lakini hapana hata mmoja aliyeniambia kwamba katika mbio hizo hizo mkimbiaji aliyewashinda wote katika Olimpiki mbili zilizotangulia alitoka kabla ya kufika nusu ya njia.

Sijiteteli kwa jambo hili. Yeye alitoka kwa mguu uliovunjika ndani, nami nilitoka kwa uchovu na kwa kuona haya ya kuwa nyuma. Tofauti hiyo naijua. Nililotaka kujua ni hili: mtu akishatoka, hufanya nini asubuhi yake?

Abebe hakupata nafasi ya kujibu kwa miguu. Usiku wa tarehe 22 Machi, 1969, alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen, si mbali sana na Addis Ababa, gari likapinduka. Alibanwa ndani mpaka asubuhi. Shingo na uti wa mgongo viliumia, akawa hawezi kuinua mkono wala mguu. Alipelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane.

Hospitali ile ilikuwa na desturi yake. Daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha chumba cha wagonjwa wa uti wa mgongo huko katika mwaka 1944, aliamini kwamba michezo ni dawa. Wagonjwa walifundishwa kulenga shabaha kwa upinde wakiwa vitini, kwa sababu kuvuta upinde hurudisha nguvu za mikono na kifua, na pia humpa mtu jambo la kuhesabu kila siku, leo mishale mingapi imefika na jana mingapi. Yule aliyezoea kuhesabu kilomita sasa alihesabu mishale. Mikono ya Abebe ilirudi. Miguu haikurudi tena maisha yake yote.

Katika mwaka 1970 alishindana kwa upinde katika michezo ya walemavu huko Stoke Mandeville. Hakushinda. Bingwa wa dunia aliketi kwenye kiti cha magurudumu akashindwa mbele ya watu, kisha akaendelea. Katika mwaka 1971 alialikwa Norwei kama mgeni wa michezo ya walemavu, naye hakukubali kukaa akitazama. Aliingia katika mbio za magari ya kuteleza juu ya theluji yanayokokotwa na mbwa, akawashinda wote. Najaribu kumwona mtu wa nyanda za Shewa akiwaongoza mbwa katika theluji, nami hucheka, lakini si kwa dharau.

Katika mwaka 1972 alialikwa Munich, Ujerumani, kutazama Olimpiki. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake watu walisimama wakampigia makofi. Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba, 1973, kwa kuvuja damu kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya watu walimzika, na Mfalme mwenyewe alikuwapo. Katika maisha yake alianza mbio za marathoni 16, akashinda 12.

Nilipomrudishia Mwalimu daftari langu alisoma kimya, akanipa ratiba. Kila Ijumaa baada ya masomo nakimbia mizunguko 25 ya uwanja wa shule peke yangu, na sharti ni moja tu: ruhusa kutembea, si ruhusa kutoka nje ya mstari. Ijumaa ya kwanza nilitembea mizunguko mitatu, na watoto wa kidato cha kwanza walikaa ukingoni wakiimba Kituo, Kituo. Mzunguko wa 18 ndio mbaya kuliko yote. Kwetu hapa hakuna mwembe karibu na uwanja, lakini miguu huutafuta. Sasa ni Ijumaa ya 9. Wiki iliyopita sikutembea hata mara moja, na saa ya Mwalimu ilionyesha dakika 43, ambazo hazimtishi mkimbiaji ye yote wa wilaya hii.

Majina ya watakaokwenda kwenye mashindano yatabandikwa mwezi ujao. Jina langu nimekwisha kulipeleka. Bwaloni bado naitwa Kituo.