Juja: Jina la vinyago viwili
Makanga wanaowaita abiria wa Juja, kati ya Ruiru na Thika, huenda hawajui wanataja vinyago. Tajiri Mmarekani William Northrup McMillan, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, inasimuliwa alikuwa na vinyago viwili kutoka Afrika Magharibi, Ju na Ja, akaliita shamba lake kwa majina hayo. Mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda.

McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa mlimani Ol Donyo Sabuk; si kileleni, kwani yasemekana trekta lililovuta jeneza lilishindwa na mwinuko. Mjane wake, Lucie, alimjengea maktaba ya ukumbusho mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo.