George Hale: Mwanafunzi aliyetumia vakansi kuchunguza jua

Vakansi kubwa ikifika, wanafunzi wetu wengi wa iniversite wanarudi nyumbani na kujiuliza: miezi hii nitaifanyia nini? Leo tunawaletea maisha ya kijana mmoja wa Marekani aliyejiuliza vile vile, na jibu lake likabadilisha elimu ya jua.

George Ellery Hale alizaliwa Chicago mwaka 1868. Baba yake alikuwa tajiri kwa kazi ya asanseri, zile mashini za kupandisha watu kwenye majumba marefu. Tusifiche: pesa ya baba ilimsaidia sana. Lakini pesa peke yake haileti wazo.

Akiwa anasoma fizike kwenye chuo cha MIT, alienda kuomba kazi ya bure kwa wachunguzi wa nyota wa Harvard. Hawakumlipa, yeye alitaka paka kujifunza.

Vakansi ya mwaka 1889, alikuwa nyumbani Chicago. Siku moja mwezi wa munane, ndani ya tramu, wazo likamwingia. Wakati ule, ndimi za moto zinazoruka pembeni ya jua zilipigwa foto vizuri tu wakati jua limefunikwa na mwezi. Hale akafikiri: nuru ya jua ni rangi nyingi. Tukiitandaza, tukaacha rangi moja tu ipite kwenye ufa mwembamba, kisha ufa huo utembee juu ya sura ya jua polepole, tutapata foto ya jua kwa rangi ile moja, mustari kwa mustari. Hakuna haja ya kungoja mwezi.

Wazo hilo njo akalifanyia memware ya kumaliza masomo mwaka 1890. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri, lakini hakuacha. Kwenye nyumba ndogo ya uchunguzi iliyojengwa kwao, mashini ilifaulu.

Mwaka 1904 alianzisha kituo cha uchunguzi kwenye mlima Wilson, California. Huko, mwaka 1908, aliona kwamba madoa meusi ya jua yana sumaku yenye nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kugundua sumaku nje ya dunia yetu. Jambo hilo linatugusa hata sisi: sumaku hiyo njo inaleta dhoruba za jua, na dhoruba kali inaweza kunyamazisha mawimbi mafupi ya radio, yale yanayotumiwa na fonii za vijijini.

Mzigo ulikuwa mzito. Hale aliteswa na maumivu ya kichwa na uchovu wa akili, mpaka mwaka 1923 akaacha ukubwa wa kituo. Hata hivyo aliendelea kuchunguza jua, na akatafuta pesa ya darubini yenye kioo cha metre 5 hivi kwenye mlima Palomar. Alikufa mwaka 1938 bila kuiona imekwisha. Ilifunguliwa mwaka 1948 na kupewa jina lake.

Kuna jambo moja zaidi. Vifaa vya mlima Wilson vilipandishwa na nyumbu, na kijana mmoja aliyewaongoza, Milton Humason, aliacha masomo akiwa na miaka 14. Baadaye akawa mfagiaji wa kituo, akaanza kusaidia usiku kwenye darubini. Hale aliona mikono yake ni mizuri, akamwingiza kati ya wachunguzi, ijapokuwa wengine walishangaa kwa sababu hakuwa na diplome. Humason akawa mchunguzi wa nyota anayejulikana duniani.

Hale alifunguliwa mlango akiwa mwanafunzi asiye na jina. Alipokuwa mukubwa, naye akaufungulia mwingine. Wewe mwenye kusoma, vakansi hii gonga mlango. Na wewe mwenye ofisi, fungua.