Kathleen Drew-Baker (1901–1957): Mwani Mmoja, Majina Mawili

Makala haya yanahusu maisha ya Kathleen Mary Drew-Baker, mtaalamu wa mwani wa Uingereza, ambaye ugunduzi wake unatuhusu hata sisi wanaisimu kwa kuwa kiini chake ni suala la majina. Mwaka 1892 mwanabotania Batters alieleza kiumbe kidogo chenye nyuzi za rangi ya waridi, kinachoishi ndani ya makombe ya baharini, akakiita Conchocelis. Wakati huo Porphyra, mwani mwekundu wenye jani pana na jepesi, ulikuwa na jina lake tangu zamani. Kwa lugha ya watunga kamusi, vilikuwa vidahizo viwili, na kwa miaka 57 hakuna aliyethibitisha kwamba kimoja kilistahili kurejelezwa kwa kingine.

Drew alizaliwa Leigh, Lancashire, tarehe 6 Novemba 1901. Alisoma botania katika Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka 1922 kwa daraja la kwanza, kisha akafundisha hapo hapo. Alipata pia ufadhili wa miaka miwili wa kufanya utafiti Berkeley, California, na safari zake za kukusanya mwani zilimfikisha Hawaii. Mwaka 1928 aliolewa na Henry Wright Baker, msomi wa uhandisi. Kwa kuwa chuo hakikuwaajiri wanawake walioolewa, ndoa hiyo ilimwondoa katika ualimu. Hakuondoka maabara, hata hivyo. Aliendelea kuwa mtafiti, kwa sehemu kubwa bila mshahara, huku akilea watoto wawili, na mwaka 1939 Manchester ikamtunuku shahada ya Udaktari wa Sayansi. Ni vema msomaji akumbuke kwamba kazi iliyompatia sifa ilifanywa baada ya mlango wa ajira kufungwa.

Jambo lililomshughulisha lilikuwa Porphyra umbilicalis, mwani ambao watu wa Wales huula. Spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi, zilionekana zikitoka katika jani, lakini haikujulikana zilikwenda wapi. Watafiti waliomtangulia walikuwa wameziona zikichipua nyuzi dhaifu badala ya jani, wakakwama hapo. Drew-Baker alizipatia makombe. Spora zilitoboa kombe, zikaingia, zikatandaza nyuzi za waridi ndani yake. Na nyuzi hizo hazikuwa kitu kingine ila Conchocelis. Makala mafupi yaliyotangaza matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1949. Viumbe viwili vya vitabuni vilikuwa hatua mbili za maisha ya kiumbe kimoja.

Umuhimu wa kombe hudhihirika tukizingatia majira. Jani la mwani huu katika bahari za Japani hustawi wakati wa baridi na hutoweka maji yapatapo joto. Nyuzi zilizojificha ndani ya kombe ndizo zinazovuka kiangazi. Maji yapoapo wakati wa vuli, hutoa spora za aina nyingine, na hizo ndizo zinazoota kuwa majani mapya.

Huko Japani, mwani wa jamii hiyo huitwa nori na ni chakula cha kila siku. Wakulima walitega matawi, na baadaye nyavu, wakingoja mbegu ambayo hawakujua itokako. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mavuno yaliporomoka vibaya. Segawa Sokichi wa Chuo Kikuu cha Kyushu aliyatumia matokeo ya Manchester kwa mwani wa nchi yake, na kufikia mwaka 1953 Ota Fusao wa Kumamoto alikuwa amebuni njia ya kuotesha mbegu katika makombe ya chaza na kuipandikiza nyavuni. Simulizi zinazodai kwamba mwanamke mmoja aliiokoa Japani huwasahau wawili hawa, na hilo si haki. Lakini bila ile hoja ya kombe, wasingekuwa na pa kuanzia.

(Wakulima wa mwani wa Zanzibar, walioanza kilimo cha biashara mwaka 1989, hawakupata tatizo hili: wao hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kila kipande hukua. Tatizo lao ni joto la maji ya kina kifupi, ambalo aina ya kotoni hailistahimili.)

Mwaka 1952 Drew-Baker alishiriki kuanzisha Chama cha Wataalamu wa Mwani cha Uingereza, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki kwa saratani tarehe 14 Septemba 1957, bila kufika Japani. Mnamo 1963 mnara wa kumkumbuka ulisimamishwa Uto, Kumamoto, mkabala na Bahari ya Ariake, na kumbukumbu yake huadhimishwa huko kila tarehe 14 Aprili.

Kuhusu majina yenyewe, nori ya Japani imekwisha kuhamishwa kutoka jenasi ya Porphyra. Conchocelis nalo halihesabiwi tena kuwa jina la kiumbe, ila wakulima na wataalamu wangali wanalitumia kuitaja ile hatua ya ndani ya kombe.