Vivien Thomas: Fundi seremala aliyewaongoza madaktari kushona mishipa ya moyo

NOVEMBA 29, 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Profesa Alfred Blalock alisimama mbele ya mtoto wa kike wa miezi 15, mwenye uzito wa kilo nne hivi. Midomo na kucha za mtoto huyo zilikuwa za buluu kwa sababu damu yake haikupata hewa ya kutosha.

Nyuma ya bega la kulia la profesa, juu ya kistuli, alisimama mwanamume mweusi mwenye umri wa miaka 34. Hakuwa daktari wala muuguzi, na hakuwa na shahada yoyote. Hata hivyo, kila profesa alipotaka kuchoma sindano katika mshipa, alimgeukia mtu huyo kumuuliza kama imeelekea panapostahili.

Huyo ndiye Vivien Thomas. Kwa miaka mingi dunia ya tiba ilimsifu Blalock kwa kazi ya siku ile, na jina la Thomas likabaki midomoni mwa wachache waliokuwamo chumbani.

Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana na kukulia Nashville, Tennessee. Baba yake alikuwa seremala na alimfundisha kazi hiyo tangu utotoni. Kijana alitaka kuwa daktari, akawa anaweka akiba kwa ajili ya chuo.

Mwaka 1929 soko la hisa la Marekani lilianguka, kazi za ujenzi zikakauka, na baadaye benki iliyokuwa na akiba yake ikafilisika. Fedha zote zikapotea. Februari 1930 aliajiriwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt kumsaidia Blalock, wakati huo daktari kijana, kwa ujira wa dola 12 kwa wiki. Aliichukua kazi hiyo kwa muda tu, hali itakapotengemaa arudi masomoni.

Hakurudi tena. Siku za mwanzo, Blalock, aliyekuwa mwepesi wa hasira, alimfokea kwa matusi kwa ajili ya kosa dogo. Thomas alivua nguo za kazi na kumweleza kwa utulivu kwamba hakulelewa hivyo, na kwamba yuko tayari kuondoka. Blalock aliomba radhi, na inaelezwa kuwa hakumtukana tena. Tukumbuke kwamba huo ulikuwa Kusini mwa Marekani wa mwaka 1930, mahali ambapo mweusi kumjibu mzungu namna ile kulikuwa hatari, achilia mbali kupoteza kibarua.

Haikuchukua muda mrefu Thomas akawa anawapasua wanyama peke yake, anapima damu na kuandika matokeo. Wawili hao walithibitisha kwamba majeruhi wanaozimia na kufa baada ya ajali hufa kwa kupungukiwa damu na maji mwilini, si kwa sumu kama wengi walivyoamini. Elimu hiyo iliokoa askari wengi katika Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa madaktari walijua sasa kwamba majeruhi lazima aongezewe damu haraka.

Lakini Thomas alipolinganisha malipo yake na ya wenzake, aligundua kwamba katika vitabu vya chuo ameandikwa kuwa mfagizi. Malipo yaliongezwa baada ya yeye kulalamika.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa kuongoza idara ya upasuaji Johns Hopkins. Aliweka sharti kwamba Thomas aende naye. Katika hospitali hiyo weusi walifanya kazi za kufagia na kubeba mizigo, hivyo Thomas alipopita ukumbini akiwa amevaa koti jeupe la maabara, watu walisimama kumtazama.

Hapo ndipo anapoingia Dk. Helen Taussig, mkuu wa kliniki ya moyo ya watoto. Usikivu wake ulikuwa umepungua sana, naye akajizoeza kuweka kiganja kifuani mwa mtoto na kuusikiliza moyo kwa vidole. Aliwatazama wagonjwa wake pia kwa mashine ya eksirei inayoonyesha moyo ukiwa unapiga. Kwa njia hizo aliweza kutenganisha kasoro za moyo na mishipa ambazo madaktari wengine waliziweka zote katika fungu moja.

Miongoni mwake ilikuwamo kasoro iitwayo tetraloji ya Fallot. Mwenye kasoro hiyo huwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni huwa nyembamba. Damu isiyo na hewa huvuka tundu hilo na kurudi mwilini bila kupita mapafuni, ndiyo maana mtoto huwa wa buluu.

Taussig aligundua jambo la ajabu. Mtoto akiwa tumboni mwa mama huwa na kijia kidogo kinachounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, nacho hujifunga baada ya kuzaliwa. Watoto wa buluu ambao kijia hicho kilichelewa kufunga walikuwa na nafuu. Kilipofunga, hali ikawa mbaya. Akajiuliza: kama daktari anaweza kukifunga kijia hicho, kwa nini asiweze kukitengeneza? Alimpelekea wazo hilo Dk. Robert Gross wa Boston, aliyefanikiwa kukifunga mwaka 1938, lakini Gross hakulikubali. Mwaka 1943 akawaendea Blalock na Thomas.

Kazi ya kulijibu swali hilo ilimwangukia Thomas. Alikwenda kwanza katika hifadhi ya hospitali, akatazama moja baada ya nyingine mioyo ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo. Kisha ilimlazimu kuwatia mbwa hali kama ile ya watoto, na halafu kuitibu. Dawa aliipata katika jaribio alilofanya na Blalock kule Vanderbilt mwaka 1938 kwa lengo jingine kabisa: kuukata mshipa upelekao damu mkononi na kuushona ubavuni mwa mshipa wa mapafu. Jaribio lile halikuleta walichokitafuta, ila mshono wake ndio sasa uliohitajika.

Karibu mbwa 200 walitumika. Mmoja wao, Anna, alipona, na baadaye picha yake ikatundikwa ukutani Hopkins. Pia hapakuwa na vifaa vya kushonea mshipa wa mtoto mchanga. Thomas alizikata sindano zilizokuwapo zikawa fupi, akazinoa upya na kuzitia uzi mwembamba wa hariri. Mafunzo ya baba yake hayakupotea.

Tunapofika sasa katika chumba kile cha upasuaji, msomaji ataelewa kwa nini profesa alimtaka Thomas nyuma yake. Blalock mwenyewe alikuwa ameushona mshipa wa namna ile katika mbwa mara moja tu, Thomas akiwa pembeni. Thomas alikwisha kuufanya mara nyingi mno.

Mtoto yule alinusurika, lakini alifariki miezi michache baadaye alipopasuliwa tena. Mgonjwa wa tatu, mvulana wa miaka sita, aligeuka rangi akiwa bado mezani. Midomo yake ya buluu ikawa myekundu mbele ya macho ya waliokuwapo. Mei 1945 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha taarifa ya wagonjwa hao watatu. Waandishi walikuwa Blalock na Taussig. Thomas hakutajwa popote.

Wazazi walianza kumiminika Baltimore na watoto wao, na mwaka 1947 Blalock na Taussig walikwenda kuufundisha upasuaji huo Ulaya. Thomas alibaki maabara. Jioni, ili kuongeza kipato, aliwahi kuhudumia vinywaji katika karamu za Blalock, akiwapokea wageni ambao mchana alikuwa amewafundisha kushona mishipa.

Ni vigumu kumhukumu Blalock kwa neno moja. Alimng'ang'ania Thomas pale ambapo wakubwa wengine wangemwacha. Mwaka 1946 Thomas aliposema atarudi Nashville kwenye ujenzi, Blalock alihakikisha analipwa kuliko fundi yeyote wa maabara hospitalini hapo. Lakini hadharani hakumpa sifa aliyostahili, na nafasi za kufanya hivyo zilikuwa nyingi.

Mwaka huohuo wa 1946 Thomas alifanya kazi ambayo pengine ni yake zaidi kuliko zote. Wapo watoto ambao mishipa mikuu miwili ya moyo huota kila mmoja mahali pa mwenzake. Damu ya mwili huzunguka mwilini tu, na ya mapafu mapafuni tu, bila kukutana. Thomas alibuni namna ya kutoboa ukuta baina ya vyumba vya juu vya moyo ili damu hizo zichanganyike. Blalock alipoukagua moyo wa mbwa aliyepona, alipitisha vidole katika tundu na kukuta kingo zake laini, kana kwamba halikutobolewa na mkono wa binadamu. Upasuaji huo uliitwa Blalock-Hanlon, jina la Thomas likakosekana tena.

Ndoto ya udaktari alijaribu kuifufua, lakini chuo cha Morgan State hakikuweza kumhesabia chochote kati ya aliyokwisha kuyafanya. Alipopiga hesabu akaona angehitimu akiwa na miaka hamsini, akaiacha. Blalock alifariki mwaka 1964. Thomas aliendelea kuiongoza maabara hadi 1979, akiwafunza vijana waliokuja kuwa mabingwa, akiwamo Denton Cooley, ambaye baadaye alikiri wazi deni lake kwake.

Mwaka 1971 wanafunzi wake wa zamani waliigharimia picha yake iliyochorwa, na ikatundikwa karibu na ya Blalock. Miaka mitano baadaye Johns Hopkins kilimtunukia udaktari wa heshima na kumfanya mwalimu wa upasuaji. Taratibu hazikuruhusu shahada hiyo iwe ya tiba, hivyo alipewa ya sheria.

Vivien Thomas alifariki Novemba 26, 1985, kwa saratani ya kongosho, akimwacha mkewe Clara na mabinti wawili. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka siku chache baadaye. Mshono wa mwaka 1944 ulijulikana kwa muda mrefu kwa majina ya Blalock na Taussig. Miaka ya karibuni madaktari wengi wameanza kuuita Blalock-Thomas-Taussig.