Grace Hopper, mama aliyefundisha mashini maneno ya watu

Wiki hii tunawaeleza maisha ya mama mmoja Mmarekani, Grace Hopper. Alikufa mu 1992, na wengi wetu hatukusikia jina lake hata siku moja. Lakini fishi ya mshahara ile baba analeta nyumbani mwisho wa mwezi iko na alama ya kazi yake. Zamani karani alihesabu siku na saa kwa mkono. Leo kompyuta, ile tunaita ordinatere, njo inahesabu. Na mfanyakazi akiona franka zimepunguka, akienda kuuliza ku biro, mara nyingi anajibiwa tu kwamba mashini njo imesema. Maisha ya huyu mama yanaonyesha kwa nini jibu hilo halitoshi.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906, mu New York. Akiwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kuamsha watu inafanya kazi namna gani. Akafungua moja, vyuma vikatawanyika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili ili aangalie, kisha ya tatu, mpaka saa 7 za nyumba zikawa vipande vipande. Mama yake alipojua, alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Wengi wetu tuko na mtoto wa namna ile mu nyumba, ule wa kufungua radio. Tusimpige bule.

Grace alisoma hesabu, na mu 1934 akapata udaktari wa hesabu ku Universite ya Yale, wakati ambapo wanamke waliofika pale walikuwa wachache sana. Akawa mwalimu ku Vassar, masomo ya wabinti. Vita ilipoingia Marekani, akataka kuingia jeshi la maji. Wakaona umri wake umeshapita kidogo na kilo zake hazitoshi. Hakuacha. Aliomba ruhusa ya pekee, akaipata, akaapishwa Desemba 1943. Mu Julai 1944 wakamtuma Harvard, ku mashini ya kuhesabu iliyoitwa Mark I.

Ile mashini haikuwa ya kuweka juu ya meza. Urefu wake ulikuwa mita 15 na zaidi, uzito wake karibu tani 5, na ndani mulikuwa waya kilometre 800 hivi. Ni kama kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi na kurudi, na waya nyingine ikabaki. Pamoja na ukubwa wote ule, ilikuwa inajumlisha mara 3 tu mu segonde moja, na kuzidisha namba mbili kubwa ilichukua segonde 6 hivi. Telefone ndogo ya mufukoni leo inaipita mbali sana. Mashini ilitumika muchana na usiku, watu wakipokezana kazi kama sisi tunavyopokezana posti mu shimo.

Hapa njo hadithi inatugusa sisi watu wa Katanga. Mu ule mwaka wa 1944, mtaalamu John von Neumann alileta ku Mark I hesabu ngumu za mlipuko. Wale waliozihesabu hawakuambiwa ni za nini. Baadaye wakajua zilikuwa za bomu ya atomiki. Na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile yote ya bomu ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, ku mikono ya wababu zetu. Nao pia hakuna aliyewaambia yale mawe yanaenda kufanya nini. Wa shimo na wa mashini walitumikia kitu kimoja, wote wakiwa mu giza.

Vita ilipoisha, Grace alibaki Harvard, ku mashini ya pili, Mark II. Tarehe 9 Septemba 1947 ile mashini ikaanza kukosea. Watu wakafungua, wakatafuta sanduku kwa sanduku, wakakuta kipepeo cha usiku kimekufa ndani ya rele moja. Wakakitoa, wakakibandika mu kitabu cha kazi, wakaandika saa na mahali kilipopatikana. Kile kitabu kingali kinachungwa mu makumbusho ya Washington, na kipepeo iko ndani. Watu wengine wanasema Grace njo alikiona wa kwanza, na kwamba siku ile njo mafundi walianza kuita kosa la mashini mdudu. Si hivyo. Wenzake njo walikiona, na lile neno mafundi walikuwa nalo tangu zamani. Yeye alipenda kueleza ile hadithi kila mahali, njo maana ikajulikana na jina lake.

Cha kushika hapa ni kile kitabu kuliko kipepeo chenyewe. Wale watu waliandika kila kilichoharibika, siku na saa. Hawakusema mashini imerogwa, wala hawakuipiga makofi ubavuni. Kila kosa liko na mahali lilipotokea na sababu yake.

Mu 1949 Grace akaenda ku kampuni iliyotengeneza kompyuta za kuuzisha. Huko shida yake ikawa nyingine. Kompyuta ilisikia namba tu, na kila amri ilipaswa kuandikwa namba kwa namba. Wafanyakazi walikuwa na makarne ya programu fupi zilizokwisha kufaulu, wakazinakili kwa mkono kila mara, na mu kunakili wakakosea. Akawaza kwamba mashini yenyewe ingeweza kunakili na kupanga kazi ile. Mu 1952 akamaliza programu yake ya kwanza ya namna hiyo. Wengi hawakumwamini. Kwao kompyuta ilikuwa ya kufanya hesabu tu.

Yeye akaendelea mbele. Alitaka karani wa mishahara aandike amri kwa maneno ya kila siku, na mashini iyageuze yenyewe kuwa namba. Alipoonyesha wakubwa wake, aliandika amri zilezile kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kidachi. Wakubwa wakashtuka. Kwao haikuwezekana kompyuta ya Marekani isikie Kifaransa! Hawakufahamu kwamba ku mashini neno ni alama tu, mtu anaweza kuweka lugha yoyote. Na kama ni hivyo, hata Kiswahili chetu kingeingia.

Kutokana na kazi ile, mu 1959 kamati ya watu wengi ilianza kutengeneza lugha ya kompyuta inayoitwa COBOL. Hiyo njo iliingia ku mabanki, ku serikali na ku mabiro ya mishahara mu inchi nyingi, na mu mabanki mengi ingali inatumika. Jeshi la maji lilimpumzisha mu 1966, halafu mwaka uliofuata likamwita arudi kwa miezi 6 ili apange vizuri programu zake. Ile miezi 6 ikawa miaka karibu 19. Alitoka mu 1986, akiwa amiral wa miaka 79.

Mu mahubiri yake alipenda kugawa vipande vya waya ya telefone, urefu wa santimetre 30 hivi kila kimoja. Hapo njo mwisho wa mwendo wa mwangaza mu nanosegonde moja, ni kusema segonde iliyokatwa mara miliare moja. Hivyo mtu alishika mu mukono wake kitu asichoweza kuona. Na mu biro yake alitundika saa yenye kuzunguka kinyume, ili watu waache kusema tumezoea hivi tangu zamani. Alikufa tarehe 1 Januari 1992, akazikwa ku Arlington kwa heshima za askari.

Sisi wa sendika tulijifunza kwake kuchunga karne pembeni ya kompyuta yetu. Mashini yetu ilikuwa inazimika yenyewe. Mmoja akasema ni virusi, mwingine akasema ni ya kutupa. Tukasoma karne, tukaona inazimika tu kisha saa sita za muchana, mu mwezi wa nane, wakati wa vumbi. Tukaikata ku kura, tukaifungua. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi nyekundu, basi joto halikuwa na njia ya kutoka. Tukasafisha na burashi laini, na mpaka leo inatumika. Orodha ya memba tunaiweka ku klé USB mbili, kila moja ku nyumba tofauti, kwa sababu kura inaweza kurudi na nguvu na kuchoma kila kitu.

Na ku mshahara iwe vilevile. Kila mfanyakazi aandike mu karne yake siku alizoshuka, saa za nyongeza na siku za ugonjwa. Akiambiwa mashini njo imesema, aweke karne yake pembeni ya fishi, aombe kuonyeshwa ni mstari gani na ni nani aliyeingiza ile namba. Mashini inahesabu tu kile mtu ameipa. Asiye na karne aje ku biro ya sendika, tutamwonyesha namna ya kuipanga.