Mama aliyeokoa kivuli cha Nairobi

Mi niko huku Maore, wilayani Same. Leo nawaletea marehemu Profesa Wangari Maathai.

Alizaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata PhD. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wakapanda miti.

Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kikataka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pale katikati ya jiji ambapo hata asiye na senti alikuwa akijilaza kwenye nyasi bure. Mama akaandika barua huku na huku, akatukanwa mpaka bungeni. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa. Mwaka 1999 akapigwa akitetea msitu wa Karura. Leo watu wanatembea na kukimbia humo. Nobel alipewa 2004, akafariki 2011.

Mi naona hivi: tajiri ana bustani kwake. Sisi wa chumba kimoja, bustani yetu ni ya umma. Ikichukuliwa, tutapumulia wapi? Kama mtaani kwenu kuna kiwanja cha wazi, ulizeni mapema kimesajiliwa kwa nani, kabla hamjaona mabati yamezungushwa.

Nawasilisha.